Miguu Kumi na Minane ya Mwalimu

Ukuta wa nyuma wa karakana ya Fundi ulikuwa umejaa miguu. Miguu ya mbao, ya kulia na ya kushoto, mikubwa na midogo, imening'inizwa kwenye misumari kuanzia usawa wa kiuno hadi karibu na dari. Hizo ni kalibu. Mteja ambaye kiatu cha dukani hakimkubali huchongewa mguu wake wa mbao, kisha kiatu hushonwa juu ya mbao hiyo. Na kwenye kisigino cha kila kalibu Fundi aliandika neno moja kati ya mawili kwa wino mzito: KUZALIWA au AJALI. Mguu uliozaliwa umepinda unataka soli ya namna yake, na mguu uliovunjika ukaungwa vibaya unataka ya namna nyingine. Fundi asiyejua tofauti hiyo atamtesa mtu mwaka mzima.

Yeye aliijua. Mtu aliingia mlangoni, akapiga hatua tatu, na kabla hajaketi, Fundi, mwanamke huyu, keshamaliza: "Wewe ulizaliwa nao," au, "Wewe ulianguka, na aliyekufunga alikuwa na haraka zake." Hospitali kubwa ilimtumia wagonjwa kwa sababu hiyo. Hakukosea.

Safu ya juu kabisa ilikuwa ya mguu mmoja tu, wa kushoto, wa mdogo wake aliyeitwa na kila mtu Mwalimu, tangu alipokuwa na miaka minane hadi alipofika arobaini. Kalibu kumi na nane. Zote zimeandikwa AJALI. Na hapo ndipo ninapokasirika kabla hata sijaanza, kwa hiyo acha nianze.

Mama yao alikuwa na hadithi. Wageni wakija, ndugu wakikutana, mtu akiuliza tu mguu wa Mwalimu umepatwa na nini, mama aliweka kikombe chini na kujikohoza.

"Mtoto ana wiki tano," alianza. "Nimemwogesha, nimempaka mafuta, nikasema nikamwage maji. Nimeshika beseni langu jekundu, narudi mlangoni, namwona huyu kambeba mdogo wake! Miaka sita, nani kamtuma? Sakafu imelowa. Nikasema, we, mweke chini! Sijamaliza, puu! Nikasikia mfupa, kacha."

Hapo aliinua tena kikombe. Wageni wote walimgeukia Fundi, na mama akamalizia kwa kicheko: "Ndiyo maana tunamwita Teleza."

Watu walicheka. Mwalimu naye alikuwa na sehemu yake katika mchezo huo. Alimwekea dada yake mkono begani na kusema, "Lakini mimi nilishamsamehe zamani." Watu wakasema, lo, ana moyo huyu. Na Fundi, mwanamke mzima mwenye karakana na wateja, alitabasamu akitazama chini.

Kwa nini asitabasamu? Alikuwa anakumbuka. Alikumbuka beseni jekundu na povu lililobaki pembeni. Alikumbuka baridi ya sakafu kwenye nyayo, uzito wa mtoto mwenye mafuta mwilini, na ile kacha. Sauti hiyo ilimjia akiwa anavunja kijiti cha kiberiti, akaacha kijiti kikaanguka.

Sasa tazama maisha yaliyoshonwa juu ya kalibu hiyo. Shuleni hakukubali kushika chupa ya wino. Nyumbani hakubebeshwa sahani za wageni. Alipokuwa na miaka kumi na minne, Mwalimu alikuwa na minane, anavaa kiatu kilichojazwa matambara, na watoto wenzake walimfuata nyuma wakimwiga anavyotembea. Fundi alikwenda kwa mshona viatu mzee aliyekaa kwenye kona ya zahanati, akaketi kwenye ngazi yake siku tatu mfululizo bila kusema neno, mpaka mzee akachoka naye.

"Unataka nini, binti?"

"Nataka kujua soli inainuliwaje."

Mzee alimfundisha. Alimfundisha kuchonga kalibu, kukata ngozi, kutoboa kwa msharasi na kuvuta uzi wa nta. Wasichana wenzake walikuwa wanaenda disko, yeye mikono yake inanuka gundi. Kiatu cha kwanza alichokishona kilikuwa cha mdogo wake. Mwaka uliofuata akashona kingine, na kingine, na hakuna aliyewahi kusema asante, maana mtu hashukuriwi kwa kulipia kosa lake.

Wachumba aliwakataa hadi akafika miaka thelathini na minne. Ndoa huleta watoto, na watoto hubebwa. Aliyemtoa kwenye ukaidi huo alikuwa mchomeleaji wa mageti, jirani wa karakana, aliyemwambia, "Mama wewe, mikono inayoshona vile haiangushi kitu." Hakumwamini, ila alimpenda. Binti yao alipozaliwa, baba ndiye aliyemwogesha kwa miezi sita. Fundi alisimama kwenye mlango wa bafu, mikono mgongoni, akisema kila baada ya muda, "Mshike shingo. Mshike vizuri." Kunyonyesha alinyonyesha akiwa ameketi chini kwenye godoro, ili akimwangusha asianguke mbali. Miezi sita! Mtoto wake wa kumzaa.

Kisha akaja Mtu wa Plasta. Ndivyo alivyoitwa hospitalini, kwa kuwa suruali zake zote zilikuwa na madoa meupe yasiyotoka. Kazi yake ilikuwa kunyoosha miguu ya watoto wachanga. Anaukanda mguu taratibu, anaufunga plasta, wiki ijayo anaufungua, anaukanda tena, anaufunga tena, hadi unanyooka. Akiuwahi katika wiki za kwanza, mtoto hukua anakimbia. Siku hiyo alikuwa anatafuta kalibu za kuwaonyesha wazazi wanaochelewa, waone mguu ulioachwa huishia wapi.

"Fundi, niazime hizi za juu," alisema, amenyoosha kidole. "Mtu mmoja tangu utotoni mpaka utu uzima! Sijawahi kuona safu kama hii. Wa kuzaliwa kabisa huyu."

"Hizo za ajali," Fundi akajibu bila kuinua kichwa kwenye ngozi aliyokuwa anakata. "Soma kisigino."

Akashusha tatu, akasoma. "Umeandika vibaya."

"Wewe funga plasta zako, miguu niachie mimi. Huyo aliangushwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mtu wa Plasta alirudi ukutani. Alishusha kalibu nyingine nne za watu wengine, zote za KUZALIWA, akaziweka mezani pamoja na mojawapo ya zile za Mwalimu, maandishi yakiwa yameelekezwa ukutani. Akazihamisha-hamisha kama mchezaji karata.

"Haya," akasema. "Nitolee ya ajali."

Fundi aliacha kisu. Akatazama kisigino kidogo kilichopanda juu, ukingo wa nje ulioviringika, vidole vinavyotazama ndani, unyayo uliodumaa. Mezani palikuwa na miguu ya watu watano, na yote ilikuwa mguu mmoja. Mfupa uliovunjika haufanyi hivyo. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeona.

Usiniambie macho yake yalikuwa mabovu. Macho hayo yalitambua mguu wa mtu akiwa bado mlangoni. Miaka thelathini na miwili alikuwa ameushika mguu ule, ameupima kwa kamba, ameuchonga kwa mikono yake mwenyewe mara kumi na nane, na hakuuona. Kulikuwa na kitu kimekaa kati ya jicho na mbao, nacho ni sauti ya mama yake ikisema kacha. Tena akakumbuka jambo lililomfanya aketi. Mwalimu akiwa na miaka kumi na miwili, kalibu ya mwaka huo ilimtatiza. Ilifanana mno na mguu wa kuzaliwa. Akajiambia amepima vibaya, akachukua tupa, akaisugua mbao mpaka ikawa kama mguu uliovunjika unavyotakiwa kuwa. Kiatu kilimtoa mdogo wake malengelenge mwaka mzima. Na Fundi alisema, ni mikono yangu hii.

Wiki mbili alizunguka na jambo hilo kama mtu mwenye jipu kwapani. Kumuuliza mama aliogopa. Mama alikuwa anakaa kwa Mwalimu, ambaye mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji mtoto wao wa kwanza. Kidonda cha wifi kilikuwa kimechimba, hawezi kuinama, kwa hiyo kuogesha mtoto, kumbadili nepi na kumfunga nguo kulikuwa kazi ya bibi peke yake. Binti wa Fundi, mwenye miaka kumi, alikuwa amepelekwa huko kwa likizo akasaidie kazi ndogondogo. Fundi alijiambia atauliza likizo ikiisha, mambo yakitulia. Alikuwa hodari wa kuahirisha.

Alhamisi asubuhi simu ikalia.

"Njoo umchukue mwanao," mama yake alisema. "Kamwangusha mtoto."

"Kamwangusha nani?"

"Teleza Mdogo, nani mwingine? Kambeba, sakafu imelowa. Mguu wa mtoto ndio huo umepinda. Jumatatu wifi yako kamfungua nguo, kauona, analia mpaka leo. Nimewaambia wasimlaumu sana binti, kachukua kwa mama yake."

Fundi alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Hasira ilimpanda, hasira ya miaka arobaini iliyokuwa imelala kwa kukosa anwani, na sasa imepewa anwani na namba ya nyumba. Hakufunga karakana. Alimpigia kelele mumewe aiangalie, akachukua teksi.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa safi na kimya. Mlango wa bafu uko wazi, beseni la mtoto, la plastiki, rangi ya kijani, limeegemezwa ukutani linakauka. Wifi yake alikuwa amelala kwenye kochi, macho yamevimba. Mwalimu alisimama dirishani na shati lake la kazini. Mama yao alikuwa kitini, mtoto mapajani amefungwa kama kifurushi cha posta. Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono mgongoni.

Ile mikono mgongoni ndiyo iliyommaliza Fundi.

"Nipe mtoto," alimwambia mama yake.

"Wewe?" mama akasema, na akacheka kidogo kwa mazoea.

Fundi hakucheka. Aliinama, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa mama yake, akaketi naye mkekani, akaanza kumfungua nguo tabaka moja baada ya jingine. Mguu wa kushoto ukatokea. Kisigino kidogo kilichopanda juu, vidole vinavyotazama ndani. Hakuna uvimbe, hakuna alama ya damu kuvilia. Aliuminya taratibu na mtoto hakulia, akapiga miayo.

"Kadi ya kliniki iko wapi?"

"Kadi ya nini tena?" mama akasema. "Mtoto kaangushwa, mpeleke akafungwe."

"Kadi anakaa nayo mama," wifi akasema kutoka kwenye kochi. "Mimi sijawahi hata kuiona."

"Mama, itoe. Usipoitoa nitaitafuta mwenyewe, na nikianza kutafuta nyumba hii haitapangika leo."

"Dada, tulia kwanza," Mwalimu alisema.

"Nimetulia miaka arobaini. Zamu yenu."

Kadi ilitoka kwenye mkoba wa mama, imekunjwa mara nne. Fundi alimkabidhi wifi yake, maana ndiye mwenye mtoto. Wifi aliisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mkunga alikuwa ameandika siku ile ile ya kuzaliwa: mguu wa kushoto umepinda, mtoto aletwe wiki ya pili. Wiki ya pili ilikuwa imepita. Walikuwa katika ya tano.

"Mlijua?" wifi akamuuliza mumewe. "Wewe uliisoma hii?"

Mwalimu akasema mama aliona ni bora wasubiri, asije akashtuka na kidonda. Wifi aligeuzia uso wake ukutani.

"Sasa niambie na wa kwake," Fundi alimwambia mama yake, akimwonyesha Mwalimu kwa kidevu. "Wa kwake ulivunjika lini?"

Mama alijifunga upya kanga yake. Kisha, nadhani kwa kuchoka tu, akasema. Alisema kwamba alipozaliwa yule mtoto, mawifi zake walikuja kumtazama yeye, si mtoto. Walisema amewaletea kilema ukoo ambao haukuwa nacho. Baba yao akaanza kulala chumba kingine, na maneno ya kumrudisha kwao yakawa yanasemwa waziwazi mezani. Akamficha mtoto ndani ya nguo kwa wiki tano. Zilipofika ukingoni, akapiga ukelele: dada yake kamwangusha.

"Mtoto hafukuzwi kwa kosa la kitoto," alisema. "Mke anafukuzwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nilimbeba? Nilimwangusha hata kidogo?"

"Hukuwepo. Ulikuwa umetumwa dukani."

Fundi alifumba macho. Beseni likaja, povu likaja, baridi ya sakafu ikaja, kacha ikaja. Vyote vipo, vimekaa mahali pake, vya kweli kuliko jina lake. Hata kumbukumbu haikuwa yake. Alikuwa amewekewa.

"Na wewe?" alimuuliza Mwalimu.

Mwalimu alijikuna shingo. "Niliambiwa na daktari wakati wa kupimwa afya, kabla ya kuanza kazi."

"Ulikuwa na miaka ishirini na mbili."

"Ndiyo. Sikutaka kumuumiza mama."

"Na tangu siku hiyo umenisamehe mbele ya watu mara ngapi?"

Mwalimu aliinamisha macho yakatua kwenye viatu vyake, na viatu vyenyewe vilikuwa vya Fundi.

"Basi mtu asinitazame kama mchawi," mama akasema, sauti imepanda sasa. "Hakuna aliyekufa. Ndoa ilikaa, nyie mkasoma. Na wewe umepata ufundi, una jina, hospitali inakutafuta. Bila maneno yale ungekuwa nani?"

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Mikono yake, mume wake, ile karakana, hata macho yanayosoma hatua ya mtu mlangoni, vyote vilishonwa juu ya uongo mmoja. Ukiuchomoa, kinabaki nini?

"Sijui, mama," alisema. "Ndicho ulichoninyima. Sijui na sitajua. Lakini huyu wa jikoni humchukui. Tamka sasa hivi, asikie: hakumwangusha mtu."

Mama alitazama dari, akatazama dirisha. "Hakumwangusha," akasema.

"Mwambie yeye."

"Hukumwangusha mtoto, mjukuu wangu. Bibi alisema tu."

Alisema tu! Fundi alimfunga mtoto upya, mara hii kwa nguo moja nyepesi, mguu ukiwa nje uonekane na dunia. Wifi alikuwa ameshainuka, ameshika kidonda kwa mkono mmoja na kadi kwa mkono mwingine, anatafuta kandambili zake kwa mguu. Mtu wa Plasta alikuwa kazini hadi saa kumi. Wiki tano si mwisho wa mambo. Teksi ilikuwa bado inangoja nje.

"Njoo, mwanangu," Fundi alimwambia binti yake. "Mimi nitamshika mke wa mjomba wako asianguke. Wewe mbebe mdogo wako mpaka kwenye gari."

Binti hakusogea.

"Njoo. Umemsikia bibi."

"Nimemsikia." Mikono ilikuwa bado mgongoni, na kidevu kimeanza kucheza. "Bibi amesahau, mama. Ananihurumia tu. Mimi nakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Sakafu ilikuwa imelowa. Bibi akasema, we, mweke chini. Halafu nikasikia kacha."

Siku nne. Siku nne tu za kusikia maneno yale yakisimuliwa kwa majirani waliokuja kumpa pole wifi. Fundi alipiga magoti mbele ya binti yake, mtoto mchanga mkononi.

"Na beseni," aliuliza, "lilikuwa la rangi gani?"

"Jekundu," mtoto akasema.